Ng'ombe wa "kilo 300" katoa kilo 118: tumeibiwa au ndiyo hesabu? (na ule uvumi wa farasi wa asilimia 70)

Bin Kisauni (mwenye uzi) – Alhamisi, saa 3 usiku

Assalam alaykum wana jukwaa. Nina ugomvi ndani ya nyumba, nataka mnitoe gizani kabla haujafika kwa wazee.

Tuna harusi ya dada yetu huku Kisauni. Juma lililopita tulikwenda Mariakani mnadani na ami yangu, tukanunua madume mawili. Dalali akapiga makofi mgongoni kwa yule mweusi akasema, "Huyu mia tatu, na mwenziwe mia tatu. Nusu yake nyama. Mia na hamsini, hapungui." Tukalipa.

Leo asubuhi tumemchinja wa kwanza. Fundi kaja na vijana wake wawili, kachuna vizuri tu, mizani tumeazima kwa mwenye bucha wa mtaani. Vipande vinne vikatundikwa kimoja kimoja, mimi mwenyewe nikiandika kwenye simu. Jumla kilo 118. Mia na kumi na nane! Kilo 32 zimepeperuka.

Ami kaanza kupiga kelele pale pale kwamba fundi na vijana wake wameiba. Fundi kakasirika, kaondoka hata chai hakunywa. Kisha jioni barazani jamaa mmoja wa Likoni akatucheka: "Nyinyi mnahangaika na ng'ombe wa nini, farasi anatoa asilimia sabini." Mzee mmoja akasema farasi ni haramu, mwingine akasema halali, ukawa ugomvi wa pili juu ya ule wa kwanza.

Maswali yangu matatu. Je, fundi ameiba? Ng'ombe anatakiwa kutoa nyama kiasi gani? Na hilo la farasi lina ukweli?

Dume wa pili bado yu hai, nimemfunga kwenye mkwaju nyuma ya nyumba. Atachinjwa Jumamosi.

Mamake Rukia – saa 3:10 usiku

Yakhe, kilo 118 za ng'ombe mmoja na bado unalia? Mie nikipika pilau ya harusi, kilo ya mchele kilo ya nyama. Hiyo ni pilau ya kilo 118 za mchele. Mnaoza binti mmoja au mtaa mzima?

Bin Kisauni – saa 3:14 usiku

Mama, 118 ni pamoja na mifupa. Ndiyo shida.

Kisu Kikali – saa 3:41 usiku

Mimi niko kwenye kazi hii miaka 22, kuanzia kubeba maji machinjioni mpaka leo nina bucha yangu Kongowea. Nitajibu swali la kwanza kwa swali: huyo ng'ombe alipimwa na nani?

Si mgongo wake kupigwa makofi. Alipandishwa mizani?

Bin Kisauni – saa 3:43 usiku

Hapana. Dalali alimtazama tu.

Kisu Kikali – saa 4:02 usiku

Basi kilo 300 hazijawahi kuwepo. Zilikuwa mdomoni mwa dalali. Huwezi kuibiwa kilo ambazo hukuwa nazo.

Fikiria tena kilo 32 ni kitu gani. Kwa dume kama huyo wenu ni robo nzima: paja lote na kiuno chake. Fundi na vijana wawili watatoka na mguu wa nyuma wa ng'ombe mbele ya ami, mbele yako na simu yako, mbele ya majirani wanaosubiri maini? Wauweke wapi, ndani ya kanzu? Mchinjaji mwizi yupo, sikatai, nimefanya kazi nao. Lakini mwizi anakata kilo mbili, tatu, za mahali pazuri, anazificha ndani ya ngozi iliyokunjwa. Habebi robo.

Niambie: kichwa, miguu na matumbo mlipima pamoja na nyama? Na nundu je?

Bin Kisauni – saa 4:08 usiku

Kichwa, miguu, matumbo, maini, vyote pembeni, wanawake walichukua. Ngozi na mapafu alichukua fundi, ndiyo ujira wake juu ya pesa. Nundu… nilikuwa nashughulika na mizani, sikuiona. Labda ilikuwa na kipande cha bega.

Dawa ya Mifugo – saa 4:30 usiku

Nimestaafu, lakini mifugo nimeitibu na kuikagua kutoka Kwale hadi Tana River, kwa hiyo niruhusuni nirefushe.

Ile "nusu" ya dalali si uongo mtupu. Zebu wetu wa kawaida, yaani ng'ombe wa nundu, aliyelishwa majani matupu, ukimchinja ukatoa kichwa, ngozi, kwato, damu na vya tumboni, mwili unaobaki huwa kati ya asilimia 45 na 52 ya uzito wake alipokuwa hai. Ng'ombe wa Borana aliyenona anapita hapo. Ng'ombe wa nyama wa kizungu aliyelishwa nafaka miezi kadhaa anafika 60 na zaidi. Sasa dume lako lililokonda njiani, likapakiwa lori kutoka Mariakani, likafungwa kwenye mkwaju siku nne, halitakuwa upande wa juu wa hesabu.

Jambo ambalo watu hawaliangalii ni tumbo. Ng'ombe ana tumbo kubwa lile la kwanza, limejaa majani na maji yanayochacha, na uchafu ule peke yake unaweza kuwa kilo 30, 40 au zaidi kwa mnyama kama wako. Huo ni uzito wa mnyama hai, ila hauliwi. Ndiyo maana wajanja humlambisha ng'ombe chumvi asubuhi ya mnada, kisha wakamwachia karai la maji. Akinywa lita 30, ameongeza kilo 30 kabla ya adhuhuri, na wewe umezilipa kwa bei ya nyama.

Kwa hiyo asilimia inacheza. Chukua kilo zako 118. Kama siku ya mnada alikuwa na kilo 270 tumbo limejaa, ni asilimia 44. Akalala na njaa, akaharisha, akabaki kilo 250, ghafla ni asilimia 47. Nyama haikuongezeka hata mnofu mmoja. Kilichobadilika ni asili ya ile sehemu, ile namba ya chini. Mtu akikutajia asilimia bila kukwambia mnyama alipimwa lini, ameshiba au ana njaa, na alichohesabu ni nini, hajakwambia kitu.

Kikofia – saa 4:47 usiku

Daktari umeeleza vizuri. Neno "mwili" nimelipenda pia. Kuna vitabu vya ufugaji vinaandika "mzoga", na kwetu pwani mzoga ni nyamafu. Nyama iliyosomewa bismillahi huiiti mzoga.

Dawa ya Mifugo – saa 4:52 usiku

Nilishawahi kusema "mzoga" mbele ya wachinjaji wa Majengo. Mara moja tu.

Zimwi la Likoni – saa 5:05 usiku

Huyo jamaa wa baraza ni mimi 😂. Nasimama na maneno yangu. Farasi ana mapaja, hana nundu, hana tumbo la majani kama ng'ombe. Asilimia sabini nimesoma mahali.

Dawa ya Mifugo – saa 5:20 usiku

Sabini umeisoma kweli, lakini umesoma mstari wa mnyama mwingine. Asilimia 70 na kitu ni nguruwe. Ana tumbo moja dogo, na katika nchi nyingi hupimwa na ngozi yake, kichwa na miguu vikiwa humo humo. Ukihesabu hivyo hata ng'ombe angepanda.

Farasi yuko kati ya 55 na 60, mwenye afya nzuri anaweza kuzidi kidogo. Yaani anampita zebu wetu, lakini na ng'ombe wa nyama aliyenona wanalingana. Hana tumbo la kucheua, hilo ni sawa. Lakini majani anakula yeye pia, na anayachachisha nyuma, kwenye utumbo mpana na lile fuko kubwa la pembeni. Ukipasua farasi utashangaa nafasi linayochukua. Faida yake iko kwenye misuli ya nyuma na mgongo, na mafuta machache.

Mamake Rukia – saa 5:24 usiku

Astaghfirullah! Baraza zima mmekaa mnapiga hesabu ya nguruwe, harusini!

Zimwi la Likoni – saa 5:25 usiku

Nimenyamaza.

Kikofia – Ijumaa, saa 12 asubuhi

Kuhusu halali na haramu, wazee wenu wa barazani wote wawili wana pa kushika. Imepokewa kutoka kwa sahaba Jabir, katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kwamba siku ya vita vya Khaybar Mtume (s.a.w.) alikataza nyama ya punda wa kufugwa na akaruhusu ya farasi. Asmaa binti Abubakar naye amesimulia kwamba walichinja farasi zama za Mtume wakamla. Kwa hiyo katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi pwani, farasi ni halali. Abu Hanifa aliona karaha, na wanachuoni wa Maliki wengi hawamli. Hoja yao ni ile aya ya Surat An-Nahl inayowataja farasi, baghala na punda kuwa ni wa kupanda na pambo, bila kutaja kula. Mzee aliyesema haramu huenda alisoma kwa Mmaliki, au alimchanganya farasi na punda.

Punda hana mjadala kwetu. Hata awe na asilimia ngapi.

Wa Amu – saa 1:15 asubuhi

Mmemtaja punda, nami nina jambo. Vichochoro vyetu Amu (Lamu) havipitiki gari. Mchanga, mawe, matofali, mgonjwa, vyote mgongoni mwa punda. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalipofunguliwa bara, bei ilipanda mpaka maskini akashindwa kununua mwingine, na wizi ukaja. Mtu analala ana punda, anaamka ana kamba.

Na hawakumtaka kwa nyama. Walitaka ngozi, inachemshwa China kutengeneza ejiao, dawa yao. Nyama ilikuwa ya ziada. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 Kenya, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Serikali ikapiga marufuku Februari 2020, mahakama ikaiondoa marufuku 2021, kisha Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda bara zima kwa miaka 15. Mnaposema "mnyama fulani anatoa asilimia fulani", jueni kuna wanyama ambao hesabu yao haiko kwenye mizani ya bucha.

Nahodha Mstaafu – saa 2:40 asubuhi

Nimekula farasi. Antwerp, miaka ya themanini, meli yetu ilikaa wiki tatu ikisubiri mzigo. Ubelgiji wanamkausha kwa moshi wanamkata vipande vyembamba kama karatasi, unaweka juu ya mkate. Nilikula siku mbili nikidhani ni ng'ombe. Rangi nyekundu inayokaribia weusi, na ladha ina utamu, si wa sukari, ni utamu wa ini. Wafaransa nao wana mabucha ya farasi toka 1866. Wajapani wa Kumamoto wanamla mbichi na tangawizi. Wakazakhi ndio mabingwa: wanashindilia nyama ya mbavu ndani ya utumbo wa farasi, inaitwa kazy, na ndiyo ya kumwekea mgeni wa heshima.

Waingereza hata kumsikia hawataki. Papa Gregory wa Tatu alimwandikia Bonifasi, mmisionari wa Ujerumani, mwaka 732 awaachishe watu kula farasi, na naona hilo katazo liliwakaa Ulaya kaskazini kuliko kusini. Mkumbuke Januari 2013, Ireland walipopima nyama ya kusaga ya "ng'ombe" wakakuta farasi humo. Bara zima lilitikisika.

Kisu Kikali – saa 2:58 asubuhi

Nahodha, kuhusu huo utamu: misuli ya farasi ina sukari ya akiba nyingi kuliko ya ng'ombe. Na mafuta yake ni ya njano, laini, yanateleza vidoleni kwenye joto letu hili. Ya ng'ombe huganda yakawa kama mshumaa. Mkikutana na nyama nyeusi mno ya bei ya kutupa, yenye mafuta yanayokataa kuganda, tafuteni muhuri wa mkaguzi kwanza.

Mwenda na Kamba – saa 4:20 asubuhi

Mimi ndiye mnayeniona Nyali ufuoni nikiongoza farasi, watalii na watoto juu. Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aulize farasi anakula nini. Hakuna.

Farasi wangu ni jike, wa kijivu aliyegeuka mweupe. Saa kumi na moja alfajiri namchokoa mchanga kwato zote nne, maana ukiacha chumvi ya bahari humo, wiki ijayo anachechemea. Nyasi kavu nanunua kwa robota, pumba juu yake, maji baridi. Ng'ombe utamwachia uwanja wa Bombolulu ale hadi makaratasi. Farasi akila kilichooza kidogo, tumbo linajifunga, na hawezi kutapika, ameumbwa hivyo. Usiku mmoja nilizunguka naye mpaka adhuhuri.

Mnasema asilimia 55 hadi 60. Ya gharama gani?

Dawa ya Mifugo – saa 4:45 asubuhi

Huyu kijana amesema kuliko mimi. Niongeze mambo mawili tu. Farasi hubeba mimba miezi 11, ng'ombe 9. Na nchi zetu zina ndorobo, na kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, ng'ombe haumpati, farasi unamuua. Ndiyo maana pwani hii imejaa punda na farasi ni wa kuhesabu.

La pili ni dawa. Farasi wa mbio na wa kupanda hupewa fenilibutazoni kwa maumivu ya miguu. Mnyama aliyepewa dawa hiyo haruhusiwi kuingia kwenye chakula cha watu. Huyo jike wa Nyali amewahi kupewa?

Mwenda na Kamba – saa 4:49 asubuhi

Mwaka juzi, mguu wa mbele kushoto. Kwa hiyo mumwache apumzike.

Bin Kisauni – saa 5:30 asubuhi

Yangu ni ng'ombe jamani, harusi kesho! Dume wa pili nitajuaje uzito wake bila mizani?

Dawa ya Mifugo – saa 5:52 asubuhi

Una futi ya fundi cherehani? Mzungushe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, ibane bila kumkaba. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa matakoni. Zote kwa sentimita. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Unapata kilo. (Farasi gawanya kwa 11,900, kama Zimwi bado ana hamu.) Ni makadirio, lakini yanamshinda dalali. Pima asubuhi kabla hajanywa.

Bin Kisauni – saa 9 alasiri

Nimempima na ndugu yangu, dume karusha teke moja likaipata sufuria ya shangazi. Kifua 148, urefu 126. Nimepata 254.6.

Kisu Kikali – saa 9:06 alasiri

255 basi. Kwa umbo la kwenye picha uliyonitumia, mbavu zinahesabika: utatundika 120, usubiri zaidi ya hapo utalia tena. Usimpe chakula kuanzia jioni, maji mpe. Tumbo likiwa jepesi kuchuna ni kusafi na kisu hakipasui utumbo ukachafua nyama. Na mrudisheni fundi wenu yule yule. Ami aende mwenyewe.

Bin Kisauni – Jumamosi, saa 4 asubuhi

Ami alikataa. Nimekwenda mimi, na kilo ya sukari. Fundi kakubali, kaja. Tumeweka kiti mbele ya mizani, kila kitu kinapita hapo.

Mwili uliotundikwa: kilo 121. Kisu Kikali, mkono wako nauamini.

Hiyo ni asilimia 47 na nusu ya 255. Kisha tumetoa mifupa: steki kilo 91, mifupa 26, kilo 4 zimekwenda kwenye mafuta, mishipa na majimaji. Kwa hiyo ya kuingia sufuriani bila mfupa ni 91 kati ya 255, kama asilimia 36. Hakuna mtu aliyeniambia namba hiyo mnadani.

Mamake Rukia – saa 4:15 asubuhi

Mifupa usitupe, pilau bila mifupa ni wali wa rangi. Hongera.

Bin Kisauni – saa 4:22 asubuhi

Fundi nimemwomba radhi mbele ya watu. Kacheka, kasema kashatukanwa na wakubwa kuliko sisi.

Kisu Kikali – saa 4:31 asubuhi

Vizuri. Lakini wa kwanza 118 na huyu 121, na dalali alisema wote mia tatu. Huyu wa leo nundu mmeipima?

Bin Kisauni – saa 4:33 asubuhi

Ndiyo, imo kwenye 121. Nimeipima peke yake pia, kilo 3 kamili.

Kisu Kikali – saa 4:34 asubuhi

Na ya Alhamisi?

Mamake Rukia – saa 4:34 asubuhi

Eeh, ya Alhamisi?

Bin Kisauni – saa 5:10 asubuhi

Nimeuliza jikoni, hawakuiona. Fundi anasema aliikata akamkabidhi ami mkononi, kwenye mfuko wa kaki.

Nimempigia ami. Anasema mtandao ni mbaya.